Mama wa saruji

Jumamosi, Kampala.

Basi la kurudi Kakamega linaondoka usiku, mzigo wa vitenge nishaufunga, kwa hiyo jioni nikaenda kumtazama yule mama wa sanamu ya Mnara wa Uhuru, kando ya Speke Road. Miaka yote hii napita pale na mabegi, sijawahi kusimama.

Leo nimesimama. Mwili wake umeviringishwa mikanda ya saruji tangu miguuni, kama majeruhi ambaye bendeji zake bado hazijaisha kutolewa. Na hivyo hivyo alivyofungwa, amemwinua mtoto juu. Mtoto hana habari na mikanda, mikono kairusha hewani. Ndivyo mchongaji wake, Gregory Maloba, alivyouona uhuru wa Uganda wa 9 Oktoba 1962: mtoto huru, mama bado. Nadhani aliona mbali kuliko waliomwagiza kazi.

Na Maloba ni wa kwetu, mzaliwa wa Mumias, 1922! Shuleni hakuna aliyetuambia. Kipindi cha sanaa kwetu kilikuwa cha kufagia uwanja. Ng'ombe wangu wa udongo, aliyekuwa bado hajakauka pembe, mwalimu alimkanyaga kwa kuwa nimechafua dawati.

Mwenzangu Maloba alibahatika. Chuoni Makerere, hapa Kampala, alimkuta Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa barazani kwake mwaka 1937, akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza, kisha msaidizi wake darasani. Akaenda Uingereza kusoma zaidi, akarudi kufundisha palepale, na katikati ya miaka ya 1960 akahamia chuo kikuu Nairobi kuongoza idara ya ubunifu (design). Wanafunzi wake wametapakaa pande zote mbili za mpaka. Shule ya sanaa ya Makerere imepewa jina la Bi Trowell, na ni haki yake. La Maloba hulisikii ila kwa wenye fani yao.

Lakini mama wake wa saruji yumo mifukoni mwa watu wote. Noti za Uganda zilizotoka 2010, kuanzia elfu moja hadi elfu hamsini, kila moja ina picha ya mnara huu. Nimehesabu hela hizi sijui mara ngapi, nikitazama tarakimu tu.

Nikamwita kijana wa boda anipeleke stendi. Kabla ya kumlipa nikamwonyesha kwenye noti ya elfu tano: huyu hapa, aliyemtengeneza ni mtu wa Mumias. Akaisogeza kwenye taa ya pikipiki, akaitazama vizuri, akacheka.

"Kumbe! Lakini chenji sina, mzee."