Nilivyofanya Ombi la Neno la Siri Lieleweke Kompyuta Inapowaka

Kompyuta yangu ina diski mbili zilizofungwa kwa usimbaji wa LUKS (njia ya Linux ya kufunga diski kwa neno la siri), moja ikibeba mfumo endeshi wa Debian, ambao ni aina ya Linux, na nyingine nyaraka, na kila moja ina neno lake la siri. Kila nilipoiwasha, iliniomba nifungue sda3_crypt, kisha sdb1_crypt, nami nikawa nabahatisha. Siku moja niliiwasha ikiwa na kifaa cha USB, taarifa za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, zikaufunika mstari wa ombi, nikaandika neno la siri mara tatu na mara zote likakataliwa. Nilishikwa na hofu kwamba diski imeharibika, kumbe nilikuwa naandika neno la ile nyingine.

Nilipochunguza niligundua kwamba jina linaloonekana katika ombi husomwa kwenye safu ya kwanza ya faili /etc/crypttab, inayoorodhesha diski zilizofungwa, na mwenye kompyuta anaweza kulibadilisha. Kinachoitambulisha diski kwa uhakika ni UUID, namba yake ya kipekee, iliyo katika safu ya pili. Herufi za sda na sdb hufuata mpangilio ambao diski zimetambuliwa, na mpangilio huo unaweza kubadilika. Kwa hiyo niliandika diski_ya_mfumo na diski_ya_nyaraka, kisha nikarekebisha mstari wa nyaraka katika /etc/fstab, faili linaloonyesha kila diski ipachikwe wapi, uliokuwa bado unataja /dev/mapper/sdb1_crypt.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa. Amri ya update-initramfs, inayotengeneza upya initramfs (mfumo mdogo wa kuanzia unaoomba neno la siri la diski ya mfumo), hulinganisha crypttab na jina ambalo diski ya mfumo inatumia wakati huo, na jina hilo lilikuwa bado ni la zamani, kwa hiyo ilinitolea onyo. Nililibadilisha jina hilo papo hapo kwa amri ya dmsetup rename, bila kuzima chochote, nikairudia amri, na onyo halikutokea tena. Niliihuisha initramfs ya kerneli mpya peke yake, nikaiacha ya kerneli ya zamani kama ilivyokuwa ili niwe na njia ya kurudi iwapo nimekosea.

Taarifa za kerneli nilizinyamazisha kwa kuongeza loglevel=3 katika /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayoianzisha kerneli), na kuendesha update-grub. Sasa mstari wa ombi hubaki peke yake ukitaja diski_ya_mfumo, na baada ya hapo huja wa diski_ya_nyaraka. Nilipoiwasha mara tano bila kukosea hata mara moja, ndipo nilipoihuisha na ile ya kerneli ya zamani.