Treni ya Kwanza Baada ya Mafundi

Kazi ya Baba ilikuwa kugeuza pointi, ile mitambo ya relini inayoielekeza treni njia hii au ile, pale Tabora, reli inapogawanyika, hii ya Mwanza na hii ya Kigoma. Akishavuta liva anainama na taa kuangalia kama ulimi wa reli, kile kipande kinachosogea, umelala barabara. Mimi nikaishia Uingereza nasomea uzamili, naandika programu ya kukisia pointi ya umeme itaharibika lini. Baba hakuelewa kwa nini jambo hilo liendewe chuo.

Nilipewa rekodi za hitilafu za miaka kadhaa. Zilizoniudhi ni zile ambazo mafundi walifika wakaikuta pointi inageuka vizuri, wakaandika "imepimwa, nzima" wakaondoka. Nikazifuta. Zilizobaki nikazipitisha kwenye mgawanyo wa Weibull, hesabu ya takwimu inayoonyesha kifaa hudumu muda gani kabla ya kuharibika, ya yule mhandisi Mswidi aliyeitangaza kwa makala yake ya 1951, nikihesabu siku tangu pointi iliposhikwa na mafundi mara ya mwisho.

Humo mna namba iitwayo beta. Ikizidi 1, kifaa kinachakaa, hatari inapanda kadiri siku zinavyokwenda. Nilikuwa na hakika itazidi. Chuma kinasuguana na chuma, mvua inanyesha, treni zinapita juu yake kutwa. Kisichakae kwa nini? Ikaja chini ya 1. Nikakagua programu siku tatu, ikabaki palepale. Yaani pointi ilikuwa hatarini zaidi pindi tu mafundi wanapoipa kisogo, halafu inatulia.

Nilimwonyesha fundi mmoja mtu mzima. Akaitazama grafu, akaniambia nikachukue koti.

Usiku huo, njia ikiwa imefungwa, alichomeka kipande cha chuma chenye unene wa milimita 3.5 kati ya ncha ya ulimi na reli isiyosogea, akaagiza pointi igeuzwe. Mota ikanguruma, ulimi ukaja ukakwama, kufuli halikuingia. Akatikisa kichwa kuridhika: ikikubali kujifunga na uwazi kama ule, ukingo wa gurudumu unaweza kupenya. Akakaza nati kidogo, akajaribu. Akailegeza nusu ya alivyoikaza, akajaribu tena. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

"Mashine ya kushindilia kokoto ikipita hapa," alisema, "hii yote ninayohangaika nayo inapotea. Na mwenzangu akija atairekebisha kwa jicho lake, si langu."

Kulipokucha nikapiga simu Tabora.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Nikamweleza, beta na yote. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Sisi, mafundi wa gengi wakishaigusa pointi," akasema, "treni ya kwanza tulikuwa tunaisimamia wenyewe, mpaka behewa la mwisho lipite. Hizo zenu za umeme nani anazisimamia?"

Nikarudi kwenye kompyuta. Niligawa data mafungu mawili: wiki ya kwanza baada ya mafundi, na siku zote zinazofuata. Kwenye fungu la pili beta ikapanda juu ya 1, kama nilivyoitaka tangu mwanzo. Kisha nikazirudisha zile rekodi za "imepimwa, nzima" nilizozifuta. Nyingi zikaenda kujipanga ndani ya wiki ile ya kwanza.