Siku Tuliyochora kwa Udongo wa Newala

Novemba huko Newala ni mwezi wa korosho. Wazazi wanatoka alfajiri kwenda mashambani kuokota, malori yanapita kufuata magunia, na watoto wanafika shuleni vidole vikinuka mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu wa darasa la awali katika shule moja ya kijiji, upande wa kuelekea Shimo la Mungu, lile bonde kubwa la pembeni ya mji, na ni katikati ya pilikapilika hizo ndipo tulipochora kwa rangi.

Kuchora kulivyozoeleka madarasani kulikuwa hivi: mwalimu anachora nyumba ubaoni kwa chaki, paa pembetatu, mlango katikati, na watoto wote wanainakili kwenye madaftari. Atakayeikosea anafutiwa. Mimi sikuupenda utaratibu huo hata kidogo. Mtoto wa miaka mitano bado anajifunza kuutawala mkono wake, bega bado ndilo linalofanya kazi ya vidole, halafu anapewa penseli nyembamba na kisanduku cha kujaza. Nilitaka wapate karatasi kubwa, rangi nzito, na nafasi ya kuuzungusha mkono mzima.

Rangi ndiyo ilikuwa kazi. Madukani kulikuwa na za mafuta tu, zile za milango na baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini kama sisi, aliyezaliwa upande wa Tunduru, alizitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi na jina lake likaenea duniani. Lakini yeye alikuwa mtu mzima. Mtoto wa awali anaweka vidole mdomoni kila baada ya dakika mbili, na rangi ya mafuta haitoki bila mafuta ya taa. Kwa hiyo nikawaambia watoto kila mmoja aje na udongo wa kwao, kiasi cha kifuu kimoja, na asichote barabarani ambako lori linapita.

Kesho yake nilishangaa. Nilitarajia wekundu mtupu, maana mtu akiiangalia Newala kwa haraka anaona wekundu mtupu. Kumbe vilikuja vifuu vya rangi ya kutu, vya kahawia, vya manjano kama unga wa dona, na mfinyanzi wa kijivu ambao mtoto mmoja aliletewa na kaka yake kutoka bondeni. Mwingine alileta majivu ya jikoni, nikayapokea lakini nikayaweka juu ya kabati, kwa sababu majivu yakichanganywa na maji yanachubua ngozi. Na binti mmoja mdogo, mkimya sana, alikuja na udongo mweupe pepepe umefungwa kwenye jani la mgomba.

Hatujafika mbali, bibi yake akatokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata udongo wangu. Nimeuweka wa kusiribia nyumba, huyu mjukuu wangu kauchukua bila kuuliza."

Nikamweleza tunachotaka kufanya. Akavitazama vifuu vyangu, akatia kidole kwenye kimoja, akausugua udongo kati ya kidole na gumba. "Huu una mchanga," akasema. "Utawakwaruza watoto na hautashika." Akavua kanga ya begani, akaketi chini, akaomba ndoo.

Alichotufundisha pale nimekitumia miaka yote. Udongo unatiwa kwenye maji mengi, unakorogwa sana, kisha unaachwa kidogo tu. Mchanga mzito unazama kwanza. Yale maji ya juu, yenye tope laini, unayamimina polepole kwenye chombo kingine na kuyaacha yatulie kabisa. Kinachobaki chini ya chombo cha pili ni udongo laini kama poda. Na maji yaliyotakata juu yake hayamwagwi. Newala iko juu ya uwanda, chemchemi ziko chini mabondeni, na bibi yule alikuwa wa kizazi kilichopandisha maji kichwani. Ndoo ileile ilikwenda kwenye udongo uliofuata, na mwisho ikawa ya kunawia mikono.

Kushika kwa rangi kulikuwa juu yangu. Nilikuwa nimepika gundi ya unga wa makopa, yaani mihogo iliyokaushwa: unga unakorogwa na maji baridi kwanza usifanye madonge, unamiminwa kwenye maji yanayochemka, unasongwa mpaka uwe mzito na kung'aa. Ukipoa unachanganywa na udongo. Chumvi kidogo inausaidia usichache haraka. Nyeusi tuliipata kwa mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa, manjano kali kwa binzari. Nilijaribu pia kijani cha kisamvu kibichi kilichotwangwa. Kilipendeza siku hiyo na baadaye kikageuka kahawia. Watoto walitaka na maji ya mabibo, wakayapata machache, kwa masharti, maana kila mama wa kusini anajua kuwa doa la bibo halitoki kwenye shati jeupe. Korosho yenyewe nilikataza isikaribie. Mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi, na hilo halina mjadala.

Karatasi zetu zilikuwa mifuko ya saruji. Tabaka la ndani kabisa lina vumbi la saruji, hilo tulilitupa. La katikati ni safi na gumu, halichaniki upesi likilowa. Watoto wakavua mashati, wengine wakafungwa kanga kuukuu shingoni, tukatoka nje chini ya mkorosho mkubwa wenye matawi yanayokaribia kugusa ardhi.

Niliwagawa makundi. Kundi la kwanza lilichora kwa vidole na viganja. La pili lilikuwa na mihuri: bamia iliyokatwa inayotoa nyota, kitunguu kinachotoa duara ndani ya duara, ganda la mahindi lililofungwa kama bunda. La tatu lilipuliza: tone la rangi nyepesi juu ya karatasi, mtoto anapuliza kwa bua kavu la jani la mpapai, rangi inakimbia na kutoa matawi. Hapo kwanza niliwapa maji matupu mpaka nikahakikisha kila mmoja anapuliza na hakuna anayevuta. La nne lilipewa brashi za makumbi ya nazi na vijiti vilivyotafunwa ncha kama mswaki. Sikuchora mfano wowote. Nilisema tu, "Chora ulichokiona."

Kelele zilikuwa nyingi, na zilikuwa kelele nzuri. Watoto ambao darasani walijibu kwa neno moja walikuwa wanabishana kwa Kimakonde na Kiswahili kuhusu nani amechukua nyeupe. Yule binti mkimya alikuwa ndiye mgawaji wa nyeupe, kwa kuwa ilikuwa ya kwao, na alimpimia kila mtu kwa kijiti kwa haki kabisa.

Lakini wa kumsimulia hasa ni mvulana mmoja wa kundi la brashi. Nilimwona tangu anaanza. Alichora nyumba kwa mkaa, akaiwekea madirisha. Akachora kuku, mkubwa kuliko nyumba, kama watoto wa umri huo wanavyofanya: kinachowagusa ndicho kikubwa. Akachora mtu mwenye kofia na mikono inayotoka kichwani. Niliporudi kwake, alikuwa amelowesha brashi kwenye nyekundu na anaipaka juu ya kila kitu. Kuanzia kushoto kwenda kulia, kwa nguvu, mkono mzima. Nyumba ikapotea. Kuku akapotea. Mtu mwenye kofia akabaki kofia, kisha na kofia ikaenda.

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa anapita akasema kwa huruma, "Lo, ameiharibu, na ilikuwa nzuri."

Nikachutama pembeni yake. Sikumuuliza hii ni nini, kwa sababu swali hilo linamfanya mtoto aanze kutafuta jibu la kumpendeza mwalimu. Nikamwambia, "Nisimulie."

Akaendelea kupaka, hakuniangalia. "Hapa nyumbani. Kuku wetu huyu. Babu kakaa. Sasa lori la korosho limepita."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa jambo zima. Vumbi. Kila aliyewahi kuishi kando ya barabara ya Newala msimu wa korosho anajua lori likipita hakuna kinachoonekana, si nyumba wala mtu. Mtoto alikuwa amelichora tukio kwa mpangilio wake, kilichotangulia na kilichofuata, na nyekundu ile ilikuwa ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Nikamwita mwenzangu arudi asikie. Akasikia, akakaa kwenye mzizi wa mkorosho, na hakuondoka mpaka kipindi kilipokwisha.

Ndiyo maana mpaka leo nikiwa na walimu wapya wa awali nasisitiza wakae karibu na mtoto wakati anachora. Ukisubiri karatasi imalizike utaona karatasi nyekundu, uipe alama ndogo, na hutajua kamwe kulikuwa na babu ndani yake.

Tulizianika picha kwenye kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha. Zile ambazo gundi ilikuwa kidogo zilianza kudondosha unga kabla ya saa ya kwenda nyumbani, na hapo tukajua kipimo: gundi isipungue nusu ya udongo. Bibi alipita chini ya picha zote, akiuliza hii ya nani na hii ya nani. Kwenye ile nyekundu nilimsimulia habari ya lori, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Kabla ya kuondoka alitoa sharti. Udongo mweupe atauleta mwenyewe kila tukiuhitaji, watoto wasiende kuuchimba, kwa sababu shimo liko mtelemkoni na kingo zake zinamomonyoka. Nikawakusanya watoto wote, akawaambia yeye mwenyewe kwa Kimakonde, akawataka warudie mmoja mmoja. Kisha akamshika mjukuu wake mkono na kumwambia na yeye, siku nyingine, aombe kwanza.