Cheni butu ndiyo ya kuogopwa: msumeno wa petroli katika mashamba ya Malindi

Kila mwaka upepo wa kusi unapoanza na mvua za masika zikalowesha ardhi, wenye mashamba ya Gede, Ganda na Mambrui huanza kutafuta wakataji: mwembe umelalia paa, mnazi mkongwe umeinamia banda la mbuzi, mvinje umeng'oka nusu na nusu bado umeshikwa na mizizi. Vijana wengi wa Malindi wamenunua misumeno ya petroli ili waifanye kazi hiyo, nami hufurahi kuwaona wakipata riziki ya halali. Kinachonitia hofu ni kwamba huiogopa mashine inaponguruma tu, na injini ikishazimwa hutupwa pembeni hadi siku ya kazi nyingine. Naamini kwamba ajali ya msumeno huanza kutayarishwa katika siku hizo za kulala, wakati cheni imebaki butu na hakuna aliyeshughulika nayo.

Cheni kali hujivuta yenyewe ndani ya mti, na mkataji hana kazi ila kuiongoza. Cheni butu haivuti, kwa hivyo humlazimu mtu aikandamize kwa nguvu za mabega huku injini ikipiga kelele. Mikono huchoka upesi, na gogo linapokatika ghafla, nguvu yote aliyokuwa akiisukumia humpeleka mbele pamoja na mashine. Dalili iko wazi kwa mwenye kutazama. Msumeno mzima hutema vipande vinene vya mti, na ulio butu hutema vumbi laini. Ukiona vumbi, zima injini, hata kama umebakisha kidogo tu kumaliza. Vilevile, mkato ukianza kupinda upande mmoja, mara nyingi ni kwa sababu meno ya upande mmoja yamenolewa kuliko ya upande wa pili.

Katika pwani yetu makali hayadumu, na mnazi ndio unaoyamaliza haraka zaidi. Mti wake ni mgumu kwa nje na laini kwa ndani, kinyume cha miti mingi, na zile ngazi wanazozikata wakwezi ili wapate pa kukanyaga hujaa mchanga unaopeperushwa na upepo. Kabla ya kuwasha mashine, pangusa sehemu utakayoikata kwa brashi ya waya au uichune kwa panga, kisha tafuta misumari, kwa sababu mnazi wa karibu na nyumba hauishi kupigiliwa misumari ya kamba za nguo na waya za ua. Na cheni isiguse ardhi. Ikipita mchangani mara moja tu, kunoa kote ulikokufanya asubuhi kumepotea.

Kunoa kwenyewe si kazi ya kuharakisha. Vaa glavu, bana bamba la kuongozea cheni lisicheze, na utumie tupa ya mviringo iliyo sawa na cheni yako: zinazotumika sana huanzia unene wa milimita 4 hadi 5.5, na kipimo kamili kimeandikwa katika kijitabu cha mashine. Cheni nyingi hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kisha huinuliwa na kurudishwa bila kukwaruza. Litazame jino moja kwa karibu ukiligeuzia jua: ukali ukiwa umekwisha, ukingo wake huonyesha ufito mwembamba unaong'aa, na unapolinoa vizuri ung'aavu ule hutoweka, kwa maana ukingo mkali hauna upana wa kuakisi mwanga. Hesabu misuguo, jino kwa jino, ili yote yabaki na urefu mmoja. Mbele ya kila jino kuna kinundu kinachoamua jino liume kwa kina gani; katika cheni nyingi hutakiwa kiwe chini ya ukingo wa jino kwa takriban milimita 0.65. Nimewaona watu wakikikata kinundu hicho sana wakidhani wanaongeza kasi, na matokeo yake jino huuma kupita kiasi na mashine huwa nyepesi kuruka.

Kuruka huko ndiko kunakojeruhi vibaya zaidi. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba ikigusa tawi au gogo jingine, meno hunasa badala ya kukata, na nguvu ya injini huurusha msumeno juu na nyuma kuelekea uso na shingo ya aliyeushika, kabla hajapata nafasi ya kukwepa. Kwa hiyo breki ya cheni ijaribiwe kila siku kabla ya kazi, kidole gumba cha mkono wa kushoto kiuzunguke mpini wa mbele, na msumeno usiinuliwe juu ya mabega. Unapouwasha, uweke chini breki ikiwa imefungwa, na ukanyage mpini wa nyuma kwa ncha ya mguu wa kulia. Najua joto la Februari, na najua suruali nzito zenye nyuzi za kunasa cheni zinavyochosha. Hata hivyo kikoi na champali si mavazi ya kazi hii. Masikio nayo yazibwe, kwani sauti ya mashine hizi hupita desibeli 100, ilhali kusikia huanza kudhurika kwenye 85 kwa anayekaa nayo siku nzima.

Kuangusha mnazi kunahitaji maelezo yake. Kanuni ya kawaida ni kukata pengo upande wa kuangukia, kina chake robo ya unene wa mti, kisha kukata upande wa nyuma, juu kidogo ya sakafu ya pengo, na kubakiza bawaba, yaani ukanda wa mti usiokatwa kati ya mikato miwili, ambao upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya unene. Mwembe huitii kanuni hiyo, na bawaba yake huuongoza mti hadi chini. Nyuzi za mnazi hazishikani hivyo, na ukiwa umetobolewa na mdudu chonga au kuoza moyo, bawaba haiaminiki hata kidogo. Mkwezi apande kwanza aangushe nazi na makuti makavu, afunge kamba juu, na wavutaji wasimame mbali kuliko urefu wa mti. Watazamaji, hasa watoto, wakae umbali wa mara mbili ya urefu huo. Mkataji asafishe njia yake ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, kabla ya kukata. Mti ukiwa karibu na nyaya za umeme, kazi isimame hadi wenye umeme waje.

Kuhusu mafuta, jambo moja linahitaji kusemwa kwa watu wa pwani: oili ya kuchanganya na petroli ya msumeno si ile ya pikipiki, wala si ile ya mashine ya boti. Ya boti imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, na msumeno hupozwa na hewa. Mashine nyingi za sasa huhitaji mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, nyingine 40. Mchanganyiko uliopita mwezi usitumike. Mafuta yajazwe injini ikiwa imepoa, na uwashie mita 3 kutoka ulipojazia. Oili chafu ya gereji isimwagwe kwenye cheni. Ina chembe za chuma na sumu, nayo hurukia ngozi na kudondoka karibu na visima vyetu.

Hewa ya chumvi hula chuma hata ndani ya stoo. Mashine ikikaa muda mrefu, toa petroli yote kwenye tangi na uiache injini ikimbie hadi izime yenyewe, osha kichujio cha hewa, paka cheni oili safi, na uligeuze bamba juu chini ili lisilike upande mmoja. Kitundu kinachopitisha oili kwenda kwenye cheni huziba kwa vumbi la mnazi. Kichokoe kwa chelewa ya ufagio, ambayo haikikwaruzi kama msumari.