Kengele Tatu za Müller

Jumanne, usiku

Leo nimempelekea Müller kifurushi cha Müller mwingine. Nyumba ni ile ya ghorofa nne karibu na kituo cha tramu, na kwenye ubao wa kengele kina Müller ni watatu, mmoja juu ya mwenzake. Fleti nyingi za kupanga huku Ujerumani hazina namba mlangoni, kengele zina majina ya ukoo tu. Kifurushi kikiandikwa "Müller" bila jina la kwanza, umekwisha. Nikabonyeza ya chini. Akatoka bibi mwenye aproni, akasaini, akafunga mlango. Baada ya nusu saa napigiwa simu: mzigo si wake.

Nikarudi na aibu yangu. Bibi hakukasirika. Nikamwuliza kama hao wa juu ni ndugu zake, akacheka. "Wala! Labda mababu zetu wote walikuwa wasaga unga."

Ndiyo maana yenyewe. Müller ni msaga nafaka, mtu wa kinu cha maji au cha upepo. Neno lina asili ya Kilatini, molinarius. Katika Kijerumani cha zama za kati likawa mülnære, kisha ile n ikamezwa, ingawa kina Müllner wanayo hadi leo. Kaskazini utakutana na kina Möller. Na hili ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ujerumani, hata Uswisi.

Nimeendesha gari mchana kutwa nikijiuliza: kwa nini msaga unga, wakati vijiji vya enzi zile vilijaa wakulima? Nadhani nimepata. Majina ya ukoo yalianza kushika mizizi kuanzia karne ya 12, mijini kwanza, pale kina Hans na kina Heinrich walipozidi. Katika kijiji cha wakulima, kumwita mtu "Hans mkulima" ni kazi bure. Lakini kinu kilikuwa kimoja. Ukisema "Hans wa kinuni", kila mtu amekujua unamsema nani. Jina lilimkaa kwa sababu alikuwa peke yake. Sasa hesabu kila kijito chenye kinu chake na Hans wake mmoja. Wapweke wote hao ukiwakusanya, ni umati. Schmidt, mhunzi, anayeshika nafasi ya pili, ni hadithi ileile.

Wala wasagaji hao hawakupendwa sana. Mahali pengi bwana mwenye ardhi ndiye aliyemiliki kinu, na wakulima walilazimishwa kusaga hapo hapo, hata kama kingine kiko karibu zaidi. Msagaji alichota ujira wake kwenye unga wenyewe, kwa hiyo kila mtu aliamini kapunjwa. Foleni nayo ilikuwa na sheria: kitabu cha sheria cha Sachsenspiegel, cha karne ya 13, kinasema anayetangulia kufika kinuni ndiye anayetangulia kusaga. Wajerumani wanausema msemo huo mpaka leo, hata kwenye foleni ya mikate.

Hapo nikakumbuka mashine ya kusaga ya nyumbani, nyusi za yule mzee zilivyokuwa nyeupe kwa unga, na mama akiupima mfuko kwa mkono na kunung'unika kwamba umepungua. Mzee tulimwita Baba Mashine. Ila kwetu mtoto anabeba jina la baba yake, si la kazi yake. Huo umashine hakuna aliyeurithi.

Kina Müller walibeba lao kila walikokwenda. Herta Müller, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2009, alizaliwa Romania, katika jamii ya Wajerumani waliohamia eneo la Banat zamani. Waliovuka bahari kwenda Pennsylvania, Marekani, wengi wakawa Miller, na leo Waamishi wa Ohio, wale Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, wanaoitwa Miller hawahesabiki. Hata kwenye pasipoti, ile mistari ya chini inayosomwa na mashine haiijui ü, inaandika MUELLER.

Yule mwenye mzigo nilimkuta ghorofa ya tatu, kijana mwenye soksi zisizofanana. Nimeandika kwenye daftari langu: chini bibi, wa pili hafungui kabla ya saa kumi jioni, wa tatu soksi. Kesho nina vifurushi viwili vya Schmidt, jengo jirani.