Nilivyowaona ng'ombe wa Pamplona bila kukimbia, na bila ushauri wa shemeji

Pamplona ni mji wa Hispania ambako kila Julai, katika sikukuu ya San Fermín, watu hukimbia mitaani mbele ya mafahali. Kila aliyenishauri kuhusu mji huo alinifundisha kukimbia. Viringisha gazeti, usimguse ng'ombe, ukianguka lala hapo hapo usinyanyuke. Mimi nilitaka kutazama tu, na nawaambia, kutazama ndiyo kazi ngumu mjini pale mwezi wa Julai. Mkimbiaji anajiingilia bure alimradi ametimiza miaka 18 na hajalewa. Mtazamaji anahitaji akili.

Na msidhani ni woga. Mimi ni mtu wa Pemba, mchezo wa ng'ombe nimeucheza Pujini tangu ujana, nimepunga kitambaa mbele ya dume lenye hasira na nimepanda mwembe kwa kasi ambayo sijairudia tena. Lakini dume la kwetu lina kamba. Haya ya Navarra, jimbo la Pamplona, hayana, moja linakaribia kilo 600, na yanatoka sita kwa mpigo pamoja na maksai wa kuyaongoza. Tangu 1910 wameshakufa wakimbiaji 16, wa mwisho mwaka 2009. Basi pembeni pananitosha.

Hoteli za Pamplona wiki ile usiulize bei ukiwa na njaa. Nilipanga chumba San Sebastián, ambako basi linachukua kama saa moja, na wakati wa sikukuu yapo mabasi mpaka ya usiku. Mzigo usiuburure mjini. Pana mahali pa kuuacha kwa euro chache.

Sasa shemeji. Anakaa Leicester, Pamplona amefika mara moja zamani, na tangu hapo ni bingwa. Kwanza alinishauri nivae kanzu, eti "wanavaa nyeupe, na wewe nyeupe unayo." Kanzu, katika mji ambao mvinyo unarushwa hewani! Nilinunua suruali na fulana za barabarani na leso nyekundu, vyote havikufika bei ya kanzu yenyewe, na hadi jioni fulana ilikuwa ya waridi. Ushauri wake wa pili ulikuwa huu: "Saa kumi na moja alfajiri uwe umeshapanda uzio wa mbele kabisa. Utaona kila kitu."

Nikapanda. Nikapata ubao wa juu, nikakaa kama sultani, huku baridi ikinipiga. Kulia kwangu kijana aliyekesha akilewa akaamua bega langu ni mto. Kushoto wasichana wanaimba wimbo mmoja ule ule. Nikavumilia, najiambia nafasi hii wengine wanailipia zaidi ya euro mia moja huko juu kwenye roshani. Saa moja na nusu hivi akaja polisi, akaninyooshea kidole: shuka. Nikamwonesha kwa ishara kwamba nimefika kabla ya jua. Akanionesha kwa ishara kwamba hilo halimhusu.

Uzio ni miwili! Ule wa ndani ni wa wakimbiaji, wakizidiwa wanajipenyeza chini yake. Nafasi ya katikati ni ya polisi na watu wa huduma ya kwanza wenye machela. Mtazamaji mahali pake ni uzio wa pili, na wa pili wakati huo ulikuwa umefurika. Nikasukumwa nyuma ya migongo ya majitu yaliyonizidi urefu. Saa mbili kamili fataki ya kwanza ikalia, mlango wa zizi umefunguliwa. Ya pili, wote wametoka. Halafu mayowe, kengele za maksai, kishindo, kwisha. Njia nzima ni kama mita 850 na mbio zote ni dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo hesabu mwenyewe zinapita mbele yako kwa muda gani. Niliona pembe moja na kisigino cha kijana. Nikampigia shemeji. "Ulichelewa," akasema. Nikamwambia, "Shemeji, niliwatangulia hata ng'ombe wenyewe."

Aliyeniokoa ni bibi mmoja kwenye foleni ya churros, vitafunio vya unga kama maandazi marefu, pale dukani La Mañueta, ambako wanakaanga kwa moto wa kuni. Foleni ni ndefu, Kihispania changu ni cha kuombea maji, lakini mikono ilitusaidia. Akaniambia mambo mawili: nenda uwanjani, na nenda usiku.

Uwanjani maana yake ununue tiketi ya asubuhi ya uwanja wa ng'ombe, euro chache tu. Unakaa, na kwenye skrini unaona kila kitu tangu mteremko wa Santo Domingo: wakimbiaji wakiinua magazeti na kumwimbia San Fermín, mtakatifu wa sikukuu, kwenye kishubaka chake ukutani, mara tatu, kwa Kihispania na Kibaski, ya mwisho ikibaki dakika moja. Unaona kona ya mitaa ya Mercaderes na Estafeta, ambako mafahali huteleza hadi ukuta wa nje, ingawa njia imepakwa dawa ya kuzuia utelezi. Halafu mafahali wenyewe wanaingia uwanjani, hapo chini yako, na wenye vitambaa wanawavuta hadi zizini. Kisha wanafunguliwa ndama majike wakubwa, pembe zimefunikwa, na mamia ya vijana wanarushwa huku na huku. Hapo Mpemba alicheka hadi machozi. Huo ndio mchezo ninaoujua.

Usiku maana yake encierrillo. Mafahali wa kesho yake wanahamishwa kutoka mazizi ya bondeni, wanavuka mto Arga, hadi zizi la Santo Domingo. Hakuna mkimbiaji, hakuna kupiga kelele wala kuwasha taa ya kamera, na njia hiyo haifiki hata mita 500. Kibali hakiuzwi, kinatolewa na halmashauri ya jiji, nacho huisha mapema. Bibi alinipatia kimoja cha mpwa wake aliyeghairi. Panapulizwa baragumu, unasikia kwato, wanapita. Niliwaona kuliko asubuhi zote.

Jioni mafahali hao hao wanauawa uwanjani. Tiketi hiyo sikununua. Kwetu ng'ombe mchezo ukiisha anarudi kwa mwenyewe kula majani.

Kwa wasiokula nguruwe: txistorra, soseji ya nguruwe, iache, omba tortilla, yaani kimanda cha mayai na viazi. Viatu vyenye soli nene, njia zimejaa vigae vya chupa na zinanata.

Na msiondoke bila kuona majitu ya gwaride, yaani vinyago virefu vinavyobebwa na watu, ambayo wengi wanayakosa kwa kuwa wamelala. Ni wafalme na malkia wa Ulaya, Asia, Amerika na Afrika, wametengenezwa mwaka 1860 na Tadeo Amorena, mtu wa huko huko, na mpaka leo wanachezeshwa mitaani kwa gaita, ala ya kupuliza ambayo ukifumba macho ni zumari tupu. Nilikuwa nimesimama namtazama mfalme wetu akizunguka, nimejaa fahari, kiliki mmoja, mchekeshaji wa gwaride aliyevaa kinyago cha kichwa kikubwa, akaja akanitandika sponji la kisogoni. Kazi yake ni kuwapiga watoto. Nina ndevu mpaka hapa.