Faili la mwenzetu lilikosa pa kukaa

Wiki mbili zilizopita kuna mhadhiri mwenzangu kanipigia usiku, hata salamu hazijaisha vizuri akaniuliza, "Dokta, hivi lile faili la yule mama wa idara yenu liko kwa nani?" Nikashindwa kumjibu. Sio kwamba nilikuwa nimesahau, nakumbuka kila kitu, ila faili lenyewe sijui liko wapi na hakuna mtu anayejua.

Ngoja nieleze kwa wasiojua. Miaka kadhaa nyuma kuna mama mmoja, mhadhiri mzuri tu, wanafunzi wanampenda, alisema maneno kwenye kikao cha chuo kuhusu jinsi nafasi zinavyogawiwa, baada ya miezi michache mkataba wake ukafika mwisho na hawakuuhuisha, barua mistari mitatu. Sisi wa chama cha wanataaluma tukawaka moto. Usiku ule ule kwenye grupu la wasap tukaunda kamati ya watu watano, mimi nikiwemo. Tukakutana mara mbili, tukachukua maelezo yake, tukapata nakala za barua, halafu ukaingia usahihishaji wa mitihani, mwenyekiti akaenda zake masomoni, katibu akapata kazi chuo kingine akaondoka na laptop yake na kila kitu kilichokuwa humo. Mama wa watu akasubiri, akachoka, akaenda kufanya mambo yake mengine. Sasa kuna kijana yamemkuta yale yale, karibu neno kwa neno, na aliyenipigia anataka kuona kesi ya kwanza tuliishia wapi ili asianze sifuri. Tuliishia kwenye kikao cha pili, ndo ukweli wenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za chama cha maprofesa wa vyuo vya Marekani, kinaitwa AAUP kwa kifupi, hasa kamati yao moja ya kudumu inaitwa Kamati A. Nimesoma mpaka nikaona niandike, maana naamini shida yetu sio woga kama tunavyoambiana kila siku. Siku ile tulikuwa na ujasiri wa kutosha. Tulichokosa ni kamati ambayo ingekuwepo hata kama sisi watano hatupo.

Chama hiki kilianza January 1915, pale New York, na rais wake wa kwanza alikuwa John Dewey, yule yule mwanafalsafa ambaye waliosoma ualimu wanamjua vizuri. Lakini chanzo kiko nyuma zaidi. Mwaka 1900 chuo cha Stanford kilimuondoa profesa mmoja, Edward Ross, kwa sababu mjane wa mwanzilishi wa chuo, Jane Stanford, hakupenda aliyokuwa anayasema hadharani kuhusu reli na kuhusu vibarua kutoka Asia. Na niseme wazi, maneno ya Ross kuhusu Waasia yalikuwa mabaya, ya kibaguzi, mimi siyatetei hata kidogo. Ila swali lililobaki lilikuwa ni nani anaamua profesa aondoke, je ni mwenye hela peke yake? Walimu kadhaa wakajiuzulu kupinga, mmoja wao kijana anaitwa Arthur Lovejoy. Huyo Lovejoy ndo miaka kumi na tano baadaye anakaa na Dewey kuanzisha chama.

Sasa hapa ndo pananigusa. Chama hakijamaliza hata miezi sita, Utah kukalipuka. Chuo kikuu cha pale kimeondoa walimu, wengine wengi wakajiuzulu kwa kupinga, na Lovejoy akafunga safari mpaka Salt Lake City kwenda kuuliza mwenyewe nini kimetokea. Hakukuwa na utaratibu uliozoeleka wala mfano wa kufuata, kilikuwa chama kichanga kabisa. Mwisho wa mwaka Dewey akawaeleza wenzake kwamba kesi hizo wao hawakuzitafuta, zilisukumwa mikononi mwao. Yaani walianza kama sisi tu! Tofauti ni kilichofuata. Mwaka huo huo kamati iliyoongozwa na mchumi Seligman ikatoa tamko la kanuni za uhuru wa kitaaluma, na kazi ya kupokea malalamiko haikuachwa iwe ya kila mwenye huruma, ikawekwa kwenye kamati ya kudumu yenye jina lake na mipaka yake.

Kamati zao walizipa herufi. A ni uhuru wa kitaaluma na usalama wa ajira, T ilikuwa ya utawala wa vyuo yaani nafasi ya walimu kwenye maamuzi, W ya hali ya wanawake, Z ya mishahara na hali ya uchumi wa taaluma, na nyingine. Siku hizi herufi nyingi zimeachwa, kamati zinaitwa kwa majina ya kazi zake, lakini A imebaki A. Mi naona ni jambo zuri sana, mtu akisema Kamati A kila mwalimu kule anajua ni mlango gani wa kugonga.

Na mlango ukishagonga nini kinatokea? Hapa nitakaa kidogo maana ndo utamu wenyewe. Malalamiko hayaendi kwa wajumbe wa kamati moja kwa moja. Yanapokelewa na wafanyakazi wa chama walioajiriwa, wako ofisini Washington, kazi yao ni hiyo, kusoma barua, kuuliza tarehe, kuomba nakala, na kuandikia chuo. Kesi nyingi zinaishia hapo, kwa barua tu na mazungumzo, bila kelele. Chuo kikikataa kabisa na kesi ikiwa nzito ya kanuni, ndo inaundwa timu ya uchunguzi, watu wachache, maprofesa wa vyuo vingine ambao hawana uhusiano na kesi, wanaenda chuoni, wanaongea na pande zote ikiwa uongozi utakubali kuongea nao, wanaandika ripoti. Kwa hiyo kamati ya muda kumbe na wao wanayo, lakini inazaliwa ndani ya ile ya kudumu, inafanya kazi moja halafu inakufa, na faili linarudi nyumbani kwake.

Ripoti ikishaandikwa timu haiamui kitu. Inakwenda Kamati A, inajadiliwa, rasimu wanapelekewa wahusika wote pamoja na uongozi wa chuo waseme wapi pamekosewa, halafu inachapishwa kila mtu aisome. Baada ya hapo Kamati A inaweza kupendekeza karipio, na hata hilo karipio sio kamati inalitoa, kwa miaka mingi ulikuwa mkutano mkuu wa mwaka ndo unapiga kura, na siku hizi ni baraza la uongozi la chama. Hesabu mikono iliyopita hapo: anayepokea, anayechunguza, anayependekeza, anayeamua. Mikono minne tofauti. Sisi mwenyekiti wetu alikuwa anapokea, anachunguza, anaandika na anategemewa ndo aende akapambane na makamu mkuu wa chuo, mtu mmoja huyo huyo, na Jumatatu saa mbili asubuhi ana kipindi cha mwaka wa kwanza wanafunzi mia nne.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba karipio ni la uongozi wa chuo, sio la walimu wala wanafunzi wa pale. Orodha ya vyuo ambavyo uongozi wake umekaripiwa iko wazi, mwalimu anayetafuta kazi anaiona. Na halifutiki kwa sababu muda umepita au kwa sababu mkuu wa chuo amebadilishwa, linakaa mpaka chuo kirekebishe kanuni zake na aliyedhulumiwa apate angalau fidia fulani, na anayefuatilia kama hayo yamefanyika ni Kamati A ile ile, kuna vyuo vimekaa kwenye orodha miaka na miaka. Fikiria sasa, wajumbe waliokuwepo wakati wa uchunguzi wengine wameshastaafu, wengine wamefariki, lakini kamati inakumbuka. Hiyo ndo kudumu!

Pia kamati inakuwa na kitabu inachosimamia. Mwaka 1940 walikubaliana tamko na chama cha vyuo vyenyewe, yaani upande wa waajiri, kwamba kipindi cha matazamio kisizidi miaka saba, kikiisha mwalimu mwenye sifa apate ajira ya kudumu na asiondolewe bila sababu ya kutosha na bila kusikilizwa. Vyama vya kitaaluma zaidi ya mia mbili vimeliunga mkono. Kwa hiyo Kamati A ikiandikia chuo haisemi "tunaomba muwe na utu", inasema kifungu hiki kimevunjwa tarehe fulani. Uzito wake ni mwingine kabisa.

Lakini nisiwapambe sana, maana wana kipindi ambacho kinauma kukisoma, na kwangu ndo somo kubwa kuliko yote. Miaka ya mwanzo ya 1950 Marekani walikuwa wanawinda wakomunisti, walimu wakawa wanafukuzwa kwa kukataa kujibu maswali ya kamati za bunge au kwa kukataa kula kiapo cha utii kwa nchi. Malalamiko yakamiminika. Na Kamati A ilikuwepo, ina wajumbe, ina historia ya zaidi ya miaka thelathini. Ila mafaili yote yalikuwa yanapita kwa katibu mkuu, Ralph Himstead, na kwake yakawa yanakwama, hakuwaachia wengine kazi, na hakuna ripoti za kesi hizo zilizokuwa zinatoka wakati walimu wanapoteza kazi na majina yao. Himstead alifariki 1955. Mwaka uliofuata ndo ripoti moja kubwa ikatoka iliyokusanya kesi za kipindi chote na mkutano mkuu ukakaripia uongozi wa vyuo kadhaa. Kwa wengi ilikuwa imechelewa, mtu aliyefukuzwa 1950 anapata haki kwenye makaratasi 1956 wakati maisha yameshaharibika. Mimi sidhani alikuwa mtu mbaya, naona alikuwa amechoka na amebeba peke yake. Lakini matokeo ni yale yale na faili letu kwenye laptop iliyohama chuo. Ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja, hata kamati ikiitwa ya kudumu inakuwa imefungwa naye ndani.

Na kamati inaweza kulala pia. Ile W ya wanawake ilianzishwa 1918, ikasimama 1928, ikafufuliwa 1970. Miaka arobaini na zaidi! Sio kwamba wanawake vyuoni hawakuwa na shida miaka hiyo yote.

Huku kwetu kanuni tunazo, watu wasifikiri tunaanza na karatasi tupu. April 1990 vyama vya wanataaluma wa vyuo vya Tanzania vilikaa Dar es Salaam vikapitisha Azimio la Dar es Salaam la uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na November mwaka huo huo wasomi wa Afrika wakapitisha la kwao Kampala. Ni maandishi mazuri mno, nimeyasoma tena wiki hii na kuna sehemu nilisisimka, hasa pale wanapounganisha haki ya msomi na deni lake kwa wakulima na wafanyakazi wanaomsomesha. Wamarekani tamko lao la 1915 halikusisitiza hilo kwa uzito huo, hapo mi naona wazee wetu waliona mbali. Ila azimio bila kamati ya kulishika mkononi kila wiki linabaki ukutani. Kwenye chama chetu pale chuoni, katiba inataja kamati tendaji na inasema kamati nyingine "zinaweza kuundwa pale inapohitajika". Na inapohitajika ndo wakati mbaya kuliko wote wa kuunda kamati, watu wana hasira, wanaogopa, wengine ni marafiki wa mlalamikaji na wengine wanadaiwa fadhila na mkuu wa kitivo.

Kwa hiyo na wenzangu wawili tumeandika mapendekezo ya kupeleka mkutano mkuu. Sio mengi. Kamati ya kudumu ya uhuru wa kitaaluma na ajira, wajumbe saba, miaka mitatu mitatu, na wasiingie wote kwa pamoja, kila mwaka watoke wawili au watatu waingie wengine ili wawepo wanaokumbuka. Mjumbe asishughulikie kesi ya idara yake. Timu ya uchunguzi iombwe kutoka vyama vya vyuo vingine, na sisi tukiombwa twende. Hadidu za rejea ziandikwe kabla ya kesi yoyote. Muhtasari wa kila kikao na nakala za barua zikae sehemu mbili, ofisi ya chama na kwa katibu, na katibu akiondoka asaini makabidhiano kama anavyokabidhi mtunza hazina. Na sehemu ya ada, hata kama ni kidogo, imlipe mtu mmoja wa nusu siku apokee malalamiko na ajibu ndani ya siku kumi na nne, hata kama jibu lenyewe ni kwamba tumepokea.

Kuna mzee wetu mmoja, profesa mstaafu, nilimpelekea rasimu akasoma kimya kimya halafu akaniambia, "Mwanangu, ongezeni kifungu cha kesi za zamani." Nikamuuliza kwa nini, akasema kamati mpya ikianza na faili jipya tu, waliotangulia watakuwa wameumia bure. Tumekiongeza. Nimempigia yule mama, anaishi Morogoro sasa, nikamuomba radhi kwanza, halafu nikamuuliza kama bado ana barua zake. Anazo zote, kaziweka kwenye bahasha moja pamoja na vyeti vya watoto. Jumamosi naenda kuzichukua nakala.